Sensa ya Oksijeni Katika Pikapu ya Chama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu hukumbukwa sana katika vyama vya msingi vya Mara wakati wa kupima pamba, kila kilo inapoandikwa na kila mkulima anapopewa stakabadhi yake. Lakini mara nyingi husahauliwa pale gari la chama linapotoka uani asubuhi na kurudi jioni, tangi likiwa tupu.

Hali hutokea hivi. Msimu umefunguliwa, na pikapu ya chama inazunguka kutwa: leo imepeleka magunia matupu vijijini, kesho imemchukua mhasibu benki mjini Musoma, keshokutwa imefuata viuatilifu Bunda, kisha imepita Butiama kwenye mkutano. Mwisho wa mwezi hati za petroli zimekuwa nene kuliko za mwezi uliotangulia, ingawa safari ni zile zile. Bodi inakaa, na swali ni moja: petroli inakwenda wapi? Wajumbe wengine wanasema dereva anaiuza njiani. Dereva anaapa kwamba hajachukua hata lita moja. Fundi aliyeitwa anafungua boneti, anasikiliza kidogo, kisha anasema kwamba sensa ya oksijeni imekufa na inunuliwe nyingine. Katibu, ambaye ndiye atakayeandika hati ya malipo, hajui amwamini nani.

Hapo pana mambo mawili ya kulinda: fedha za wanachama na heshima ya mtumishi wao. Yote mawili yanaweza kulindwa iwapo katibu na Bodi wanaelewa kipuri hiki ni nini, huchoka kwa sababu gani, hupimwaje, na hubadilishwaje.

MAGARI YENYE SENSA NA YASIYO NAYO

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba gari linalozungumzwa lina sensa hiyo. Si kila pikapu inayo.

Pikapu za dizeli za zamani, kama vile Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, au Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, hazina sensa ya oksijeni. Injini hizo huendeshwa na pampu na nozeli bila kompyuta ya kupima moshi. Pikapu ya petroli yenye kabureta ya kawaida, kama zile Datsun 1200 zilizojulikana sana nchini, nayo haina. Iwapo chama kina gari la namna hiyo na fundi anadai fedha za sensa ya oksijeni, basi ama amekosea ama anadanganya, na mazungumzo yaishie hapo.

Magari yenye sensa ni yale ya petroli ambayo mafuta yake hunyunyizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta. Humo zimo pikapu nyingi zilizotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, pamoja na vigari vidogo vya mizigo ambavyo wananchi huviita kirikuu, endapo vina mfumo huo wa nozeli. Japani iliweka masharti makali ya moshi wa magari mwaka 1978, na ndiyo maana magari yaliyotengenezwa kwa soko la huko yana sensa hata kama ni ya siku nyingi. Hata hivyo, yapo magari ya nozeli yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo hazikuwa na masharti hayo, nayo hayakufungiwa sensa. Kwa hiyo, kabla ya mjadala wowote, fundi amwonyeshe katibu kwa kidole mahali sensa ilipo: kitu chenye umbo la plagi, kimefungwa kwenye bomba la ekzosi, na waya mmoja au zaidi zinatoka kwenye kichwa chake kwenda kwenye soketi.

KAZI YA SENSA

Petroli haiungui vizuri pasipo hewa ya kutosha. Kwa kila kilo moja ya petroli, injini yahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, petroli nyingine hutoka bila kuungua na moshi huwa mweusi. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na huweza kupata joto la kupita kiasi.

Sensa ya oksijeni ndiyo mizani ya mchanganyiko huo. Ndani yake mna kauri iitwayo zirkonia, iliyopakwa platini pande zote mbili. Upande mmoja hugusa moshi wa ekzosi, na upande wa pili hugusa hewa safi ya nje. Kauri hiyo ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Oksijeni ikiwa nyingi katika moshi, yaani petroli ni chache, umeme huwa kama volti 0.1. Oksijeni ikiwa kidogo, yaani petroli imezidi, umeme hupanda hadi kama volti 0.9. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, kisha huongeza au hupunguza petroli. Katika injini yenye afya, kipimo hicho hupanda na kushuka bila kukoma, mara kadhaa kila baada ya sekunde chache.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitoa sensa hii kwa magari ya kuuzwa, na gari la kwanza kuitumia lilikuwa Volvo, mwaka 1976. Sensa za mwanzo zilikuwa na waya mmoja, na zilipashwa joto na moshi peke yake. Baadaye, kuanzia mwaka 1982, zilitoka sensa zenye kipasha joto cha umeme ndani yake, nazo huwa na waya tatu au nne. Kipasha joto husaidia sensa ianze kazi mapema, kabla ekzosi haijapata moto wa kutosha.

Mwanachama yeyote aliyewahi kuuza pamba anaelewa madhara ya mizani mbovu. Mizani ikikwama, karani huandika uongo hata kama yeye mwenyewe ni mwaminifu. Ndivyo ilivyo kwa sensa. Ikichoka, mara nyingi hutoa umeme mdogo tu. Kompyuta hudhani kwamba petroli ni chache, ikaongeza. Sensa hubaki pale pale, na kompyuta huongeza tena hadi kikomo chake. Katika magari mengine kompyuta hutambua kwamba sensa haisemi kweli, ikaiacha na kutumia kipimo cha kubuni kilichowekwa kiwandani, ambacho kwa kawaida hakibani matumizi. Kwa njia zote mbili, anayelipa ni mwanachama.

SABABU ZA KUCHOKA

Sensa ni kipuri chenye umri. Zile za waya mmoja zisizo na kipasha joto hutarajiwa kudumu kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Zile za baadaye zenye kipasha joto hufika kilomita 100,000 au zaidi. Pikapu iliyotembea miaka mingi Japani, ikanunuliwa ikiwa imetumika, kisha ikafanya misimu kadhaa katika barabara za vumbi za Majita au Nyamuswa, yaweza kabisa kuwa na sensa ambayo haijabadilishwa tangu kiwandani.

Mbali na umri, zipo sababu zinazoua sensa kabla ya wakati wake. Iwapo sababu haikuondolewa, sensa mpya nayo itakufa vivyo hivyo.

(a) Injini kula oili. Ringi za pistoni zikichoka, oili huungua pamoja na petroli, na majivu yake huganda juu ya kauri.

(b) Maji ya rejeta kuingia ndani ya injini kwa gasketi iliyoungua. Dawa zilizomo katika maji hayo huifunika sensa.

(c) Gundi ya silikoni. Mafundi wengi huipaka kwa wingi mahali pa gasketi. Zipo gundi zilizotengenezwa zisidhuru sensa, na boksi lake huandika hivyo. Nyingine hutoa mvuke unaoiua sensa moja kwa moja.

(d) Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo huleta masizi. Ili kukomesha mchezo huo, EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili tofauti ya bei isiwe kishawishi. Pamoja na hayo, chama kisinunue petroli ya madumu kando ya barabara. Kinunue kituoni, na kipewe stakabadhi.

(e) Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochoka, na maji. Gari likivuka kijito wakati wa masika hali ekzosi ni ya moto, kauri yaweza kupasuka au soketi ikaingia maji.

Zamani risasi iliyotiwa katika petroli ilikuwa adui mkubwa kuliko wote. Tangi chache tu za petroli hiyo zilitosha kuiharibu sensa. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha kuiuza mwaka 2021. Kwa hiyo fundi anayesema leo kwamba sensa imeuawa na risasi ya petroli anatoa sababu iliyopitwa na wakati. Aendelee kutafuta.

DALILI NA USHAHIDI WA DAFTARI

Dalili za sensa iliyochoka ni hizi: taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi, moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi, plagi kutoka na masizi meusi makavu, gari kutoshika sailensa linaposimama, na injini kumisi. Lakini dalili iliyo muhimu kuliko zote haionekani kwenye boneti. Huonekana katika daftari la safari.

Daftari hilo liwe na safu sita tu: tarehe, safari na sababu yake, kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, lita zilizotiwa, na sahihi. Kila mwisho wa mwezi katibu agawanye kilomita zilizokwenda kwa lita zilizotumika. Jibu lake ndilo afya ya gari.

Tuseme pikapu ya chama huenda kilomita 1,200 kwa mwezi. Ikiwa nzima hupata kilomita 10 kwa lita, yaani hutumia lita 120. Ikianza kupata kilomita 8 kwa lita, itatumia lita 150. Tofauti ni lita 30 kwa mwezi, au lita 360 kwa mwaka. EWURA hutangaza bei za mafuta kila mwezi. Katibu azidishe lita 360 kwa bei iliyotangazwa kwa mji wake, kisha alinganishe jibu hilo na bei ya sensa moja dukani. Hapo Bodi itaona yenyewe kama kungoja kunalipa. Wala mfano huu si wa kutia chumvi. Serikali ya Marekani huwaeleza wananchi wake kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama ya sensa ya oksijeni kwaweza kuongeza umbali ambao gari linakwenda kwa kila lita kwa hadi asilimia 40.

Hata hivyo daftari lisomwe kwa haki. Mwezi wa msimu usilinganishwe na mwezi wa kiangazi, kwani gari lililobeba mzigo hutumia zaidi. Mwezi wa Juni ulinganishwe na Juni ya mwaka uliopita. Aidha, ihakikishwe kwamba kipimo cha kilomita kinafanya kazi. Kikikatika, hesabu zote ni bure.

JE, NI SENSA AU NI MKONO WA MTU?

Swali hili ndilo linalovunja vyama, nalo lina jibu rahisi. Gari lijazwe petroli kituoni hadi pomoni, mbele ya dereva na mjumbe mmoja wa Bodi. Kilomita ziandikwe. Kisha gari lifanye safari ya kweli, kama vile Musoma hadi Bunda na kurudi, wote wawili wakiwa ndani. Likirudi, lijazwe tena katika kituo kile kile, kwa pampu ile ile, hadi kiwango kile kile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika.

Iwapo safari hiyo ya mashahidi inatoa kilomita 8 kwa lita, sawa na daftari la mwezi, basi injini ndiyo inayokunywa. Dereva hana kosa, na yafaa Bodi imwambie hivyo waziwazi, kwani maneno ya kumshuku yalikwisha kutembea kijijini. Lakini iwapo safari ya mashahidi inatoa kilomita 10 hali daftari linasema 8, basi petroli haiishii kwenye injini, na hakuna sensa itakayoponya ugonjwa huo. Kununua kipuri hapo ni kumfunika mwizi kwa fedha za wale wale aliowaibia.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Jaribio la safari likionyesha kwamba kosa ni la injini, bado haijathibitika kwamba kosa ni la sensa. Sensa nzima husingiziwa mara nyingi. Ekzosi iliyotoboka mbele ya sensa huvuta hewa ya nje, na sensa huisoma hewa hiyo kana kwamba petroli imepungua. Plagi isiyochoma huachia oksijeni ipite bila kutumika, na matokeo ni yale yale. Kwa hiyo hatua za mwanzo ni za bei nafuu: kusafisha au kubadili chujio la hewa, kutazama plagi na waya zake, kuziba matundu ya ekzosi, na kutazama mipira ya hewa iliyopasuka.

Baada ya hapo, kompyuta ya gari iulizwe. Magari ya karibuni yana soketi ya mashine ya kupimia chini ya usukani. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 hakuna haja ya mashine. Ndani ya boneti mna kiboksi cha soketi, na fundi huunganisha kwa waya tundu la TE1 na la E1, kisha huwasha swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini humetameta, na idadi ya mimeto ndiyo namba ya kosa. Namba 21 ni ya sensa ya oksijeni. Namba 25 husema hewa imezidi, na namba 26 husema petroli imezidi. Namba hizi mbili za mwisho si hukumu juu ya sensa. Ni amri ya kuendelea kutafuta.

Kipimo cha mwisho ni cha mita ya umeme. Injini ipashwe joto kamili, kisha ishikiliwe kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika kwa muda wa dakika mbili hivi. Fundi aguse waya wa ishara kwa nyuma ya soketi, bila kukata waya wala kuutoboa. Umeme upande na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ukibaki chini wakati wote, au ukisogea polepole kama mzee anayepanda kilima, sensa imechoka. Katika sensa yenye kipasha joto, fundi apime pia ukinzani wa kipasha joto hicho wakati sensa ni baridi. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, kipasha joto kimekufa, na sensa yote hubadilishwa.

Katibu awepo wakati wa kupima, na namba zilizosomwa ziandikwe na kutiwa sahihi na fundi. Karatasi hiyo ndiyo itakayoambatishwa na hati ya malipo. Mkaguzi akija, hatauliza kama sensa ilikuwa mbovu. Atauliza ilijulikanaje kuwa ni mbovu.

KUNUNUA

Gari laweza kuwa na sensa moja au mbili. Ikiwa ni mbili, moja iko kabla ya masega ya ekzosi, na nyingine iko baada yake. Ile ya kwanza ndiyo inayotawala petroli. Ya pili, kwa kawaida, hutazama tu kama masega yanafanya kazi. Fundi anayetaka zinunuliwe mbili kwa mpigo aeleze sababu kwa kipimo cha kila moja.

Muuzaji apewe namba ya chesisi, aina ya injini, na namba iliyochapwa kwenye sensa ya zamani. Sensa zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa kwa kazi. Magari ya baadaye yana sensa za namna nyingine zinazopima kwa upana zaidi, nazo haziwezi kufungwa mahali pa hizi za zamani, hata kama uzi wake unaingia. Sensa iliyotumika isinunuliwe, kwani hakuna ajuaye imebakiwa na umri gani. Bei zitafutwe kwa wauzaji zaidi ya mmoja kama kanuni za fedha za chama zinavyoagiza, stakabadhi ya EFD idaiwe, na dhamana ya muuzaji iandikwe juu ya stakabadhi hiyo.

KUFUNGA

Kazi yenyewe haichukui muda mrefu kwa fundi aliye makini. Hatua zake ni hizi:

1. Gari lisimamishwe mahali pa usawa, magurudumu yawekewe vizuizi, na likiinuliwa liwekwe juu ya stendi. Jeki peke yake isitegemewe kamwe.

2. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Ekzosi iachwe ipoe hadi iwe vuguvugu. Ikiwa baridi kabisa uzi hung'ang'ania, na ikiwa ya moto huunguza.

3. Soketi ifunguliwe kwa kubonyeza kishikizo chake, si kwa kuvuta waya. Njia ambayo waya umepita ikumbukwe.

4. Shina la sensa lipakwe mafuta ya kulegeza kutu, na yapewe muda wa kupenya. Sensa ya uzi hufunguliwa kwa spana namba 22. Zile za Toyota zilizofungwa kwa nati mbili huhitaji gasketi mpya zinaporudishwa.

5. Uzi wa ekzosi usafishwe. Sensa mpya ipakwe dawa ya kuzuia kung'ang'ania kwenye uzi tu, na ikiwa imetoka kiwandani ikiwa imepakwa, isiongezwe. Ncha yake isiguswe na grisi, oili, petroli wala gundi ya silikoni.

6. Sensa ianzwe kwa mkono hadi uzi ushike sawasawa, ndipo spana itumike. Sensa ya uzi hukazwa kwa kiasi cha nyutoni-mita 40 hivi, au kama boksi linavyoelekeza. Kuikaza kwa nguvu zote kutaharibu uzi wa bomba, na hasara itakuwa kubwa kuliko bei ya sensa.

7. Waya urudishwe njia yake ya awali, mbali na ekzosi. Soketi isijazwe grisi. Endapo sensa ni ya kuungwa waya, maungo yabanwe kwa vibanio vyake na yasilehemiwe, kwani katika sensa nyingi hewa safi ya nje hufika ndani ya kauri kwa kupitia katikati ya nyuzi za waya.

8. Betri iunganishwe, namba za makosa zifutwe, injini iwashwe, na kipimo cha volti kirudiwe. Namba mpya ziandikwe chini ya zile za zamani.

Wapo mafundi wanaoshauri sensa ya zamani ioshwe kwa petroli au ichomwe kwa moto wa gesi ili ifufuke. Masizi yaweza kuungua na gari likaonekana limepona kwa siku chache, lakini kauri iliyochoka haifufuki, na iliyochomwa vibaya hupasuka.

VITU VYA ZAMANI NI MALI YA CHAMA

Sensa iliyotolewa irudishwe ofisini ikiwa na kikaratasi chenye tarehe na namba ya gari, na iingizwe katika daftari la ghala. Bila hivyo hakuna ushahidi kwamba mpya ilifungwa, na sensa moja yaweza kulipiwa mara tatu katika misimu mitatu.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa masega. Fundi akisema kwamba masega yameziba na yafaa yaondolewe ili gari liwe jepesi, Bodi itahadhari. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, na wapo wanunuzi wake. Masega huweza kweli kuziba, hasa injini ikiwa imekula petroli nyingi kwa muda mrefu kwa sababu ya sensa mbovu. Lakini uamuzi wa kuyaondoa si wa fundi wala wa dereva. Ni wa Bodi, kwa maandishi, baada ya kupimwa, na chochote kitakachouzwa kiuzwe kwa utaratibu wa kuuza mali ya chama, fedha zake zikiingia katika akaunti ya chama.

BAADA YA KUBADILI

Kazi haimaliziki fundi anapofunga boneti. Katibu aandike katika daftari la safari kilomita zilizosomwa siku sensa ilipofungwa, kisha ile safari ya mashahidi irudiwe kwa njia ile ile na kwa mzigo unaolingana. Kilomita kwa lita zikirudi kama zamani, fedha zimetumika vema, na taarifa hiyo isomwe katika kikao kijacho. Zisiporudi, dhamana bado ipo, na fundi aitwe mapema kabla mwezi haujakwisha.

Katika kutayarisha makisio ya mapato na matumizi ya mwaka, Bodi itenge fungu la matengenezo kwa kufuata kilomita zilizomo katika daftari, badala ya kungoja gari lisimame njiani Kiabakari likiwa na mzigo. Chama chenye daftari kitajua kwamba sensa ilifungwa lini, na kwamba inakaribia umri wake. Chama kisicho na daftari kitaijua habari hiyo kwa moshi mweusi, na kwa ugomvi.

Wanachama wanaokaa katika mkutano mkuu hawatadai kujua volti wala nyuzi za joto. Watadai kuambiwa petroli yao ilikwenda wapi. Katibu mwenye daftari lililojazwa kila siku, karatasi ya vipimo yenye sahihi, na sensa ya zamani iliyohifadhiwa ghalani, atasimama na kuwajibu. Na dereva aliyefanya kazi yake kwa uaminifu ataketi miongoni mwao bila kuinamisha kichwa.